Anza na wateja, programu itafuata: kazi ya kutayarisha kodi nyumbani

Haya ni maneno tuliyowaambia vijana waliokusanyika Ibanda, Bukavu, Jumamosi ya mwisho wa Agosti 2024. Wengi walibaki inje ya chumba na hawakusikia vizuri, njo maana tumeyaandika. Tumeyaacha karibu vile tuliyasema.

Asanteni kwa kuja na hili jua na vumbi la mwisho wa kiangazi. Tunaona watu wa Kadutu, wa Bagira, wa Panzi, na wengine wametoka mbali zaidi. Karibuni.

Mkutano uliopita tuliongea juu ya kodi na haki ya raia. Mwishoni kijana mmoja alisimama akauliza: "Sawa, tumeelewa. Lakini mutu anaweza kula na hii elimu ya kodi?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu lile lilikuwa ulizo letu pia siku tulimaliza masomo ya kontabilite, diploma mkononi, na kazi hakuna. Leo tunamjibu. Na tutamjibu zaidi kwa upande mmoja ambao unaua hii kazi ikingali changa: feza ya programu za kompyuta.

Tuanze na vile sisi tulianza. Tulikuwa watatu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama ya mmoja wetu, kule Kadutu. Meza moja, viti viwili, mmoja anakaa kwenye kitanda. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mama mwenye kuuzisha vitenge sokoni. Mtu aliyejiita wa kodi alikuwa amempitia mara ya pili kwa malipo yale yale. Mama alituambia: "Banangu, mimi nisha kulipa. Juu ya nini banarudia tena?" Tulimuuliza: uthibitisho uko wapi? Akaleta mfuko wa plastiki umejaa makaratasi, mengine yameliwa na panya.

Tulikaa usiku mzima tukipanga yale makaratasi kwa tarehe. Saa tano ya usiku tukapata bordero ya benki: alikuwa amelipa kweli, na tarehe ilionekana. Kesho yake alienda nayo, na jambo likaisha. Alitupa dola 5 na akatuletea majirani wake wawili wa sokoni. Sasa musikilize vizuri: usiku ule hatukuwa na programu yoyote. Tulikuwa na daftari, kalamu na taa ya simu. Kazi ilikuwa kupanga, kusoma, na kujua sheria inasema nini.

Kisha tukafanya kosa. Tulisema: kazi ya maana inaomba programu ya maana, kama ile ya makampuni makubwa. Bei yake ilitushinda. Mtu mmoja akatuuzia kopi kwenye fleshi kwa dola 40, imevunjwa funguo. Ilitumika vizuri miezi saba. Tukaingiza wateja wote ndani, hata muuzaji mmoja wa misumari na mabati ambaye alikuwa anatoa deklarasyo ya TVA kila mwezi.

TVA inaomba deklarasyo isipite tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tarehe 13, asubuhi, tunafungua mashini: programu inatuambia leseni imekwisha. Haifunguki. Mafaili yote yalikuwa kwa namna ambayo hakuna programu ingine ingeweza kuyasoma. Tunapigia yule muuzaji: simu haipatikani. Kazi yote tukaianza upya kutoka kwenye fakture za karatasi, usiku tatu, umeme unakatika, tunaendelea na mshumaa. Tulipeleka tarehe 18. Mteja akaandikiwa faini. Kosa halikuwa lake, kwa hiyo tulilipa sisi, kidogo kidogo, miezi minne. Ile programu ya dola 40 ilitutoka zaidi ya dola 300, bila kuhesabu haya tuliyoona mbele ya yule baba.

Kutoka pale tulijiwekea kanuni ambazo tunataka kuwapa leo.

Kanuni ya kwanza: ujue sheria inamuomba mteja wako nini.

Vijana wengi wanauliza "ninunue programu gani?" mbele ya kuuliza "mteja wangu ni nani?" Sheria ya 2013 juu ya biashara ndogo iliweka kwamba biashara ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki franka milioni 80 ni ndogo, na ile isiyopita milioni 10 ni ndogo kabisa. Ile ndogo kabisa iliwekewa kiasi kimoja cha kulipa kwa mwaka. Ile ndogo iliwekewa kulipa sehemu ya mauzo yake: 1% kama inauzisha bidhaa, 2% kama inafanya huduma. Hesabu hiyo unaifanya na simu ya vifungo. Kigumu ni kujua mauzo ya kweli ya mwaka mzima, na hiyo inatoka kwenye daftari la kila siku.

Tena, nchi yetu iliingia OHADA mwaka wa 2012. Kanuni zake za hesabu, SYSCOHADA kama ilivyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, zinaruhusu wadogo washike hesabu rahisi ya feza iliyoingia na feza iliyotoka. Mipaka ni FCFA milioni 60 kwa mwaka kwa wenye kuuzisha bidhaa, 40 kwa mafundi, na 30 kwa wenye huduma. Milioni 30 za FCFA ni karibu dola 50,000. Niambieni: mama wa vitenge, mwenye saluni, fundi wa kushona viatu kule Nyawera, nani kati yao anafika pale? Kwa hiyo wateja wako wa mwaka wa kwanza, karibu wote, sheria yenyewe inawaruhusu daftari rahisi. Ukinunua programu kubwa kwa ajili yao, umenunua lori la kubebea kilo tano za sombe.

Kanuni ya pili: uhesabu bei yote, usiangalie ile iliyoandikwa tu.

Tuchukue mfano. Una wateja 6, kila mmoja anakupa dola 10 kwa mwezi. Ni dola 60 kwa mwezi, dola 720 kwa mwaka. Ukichukua programu ya abonema ya dola 25 kwa mwezi, ni dola 300 kwa mwaka. Zaidi ya mbili ya tano ya mapato yako imekwenda, na haujalipa intaneti, karatasi, wino, transpori, wala haujakula. Na mteja akichelewa kulipa mwezi, abonema haichelewi.

Ongeza yale hawaandiki kwenye tangazo. Abonema inaombwa kwa dola, lakini wateja wengi wanakulipa franka. Franka ikianguka, wewe njo unabeba tofauti. Nyingi zinaomba karta ya benki, M-Pesa ao Airtel Money haziingii. Zingine zinatumika kwa intaneti tu: SNEL ikikata umeme na megabaiti zikaisha, kazi ya mteja imefungwa mahali ambapo mkono wako haufiki. Na kuna masaa ya kujifunza, ambayo hakuna mtu anakulipa.

Sisi tulijiwekea mpaka: gharama ya programu isipite sehemu moja ya kumi ya kile wateja wanatulipa. Kwa mfano wetu, ni dola 72 kwa mwaka. Tuliitengenezea likelemba: kila mteja akilipa, dola 1 inaingia kwenye bahasha ya programu, na ile bahasha haiguswi hata kama kuna njaa. Na wateja 10 ni dola 120 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza bahasha haikutumika karibu hata kidogo. Mwaka wa pili tulibadilisha nayo betri ya mashini, na tukaona kwamba betri ilitusaidia kuliko programu yoyote.

Kanuni ya tatu: utumie za bure zenye ni halali.

Kuna tofauti kati ya bure na wizi. Programu iliyovunjwa funguo ni ya wizi, hata kama muuzaji ana tabasamu nzuri. Inaweza kukufungia mlango siku ya hatari, na mara nyingi inaleta virusi ndani ya mafaili ya watu waliokuamini. Lakini kuna programu ambazo wenye kuzitengeneza wenyewe wanaruhusu kila mtu azitumie, azikopishe, na azigawe. Tunazijua hizi:

LibreOffice. Ndani kuna Calc, jedwali la hesabu linalofanya karibu yote ya Excel. Inafungua mafaili ya Excel na inatoa PDF. Kwa daftari la kuingia na kutoka, inatosha kabisa.

GnuCash. Ni programu ya hesabu ya pande mbili, inatumika bila intaneti. Haiji na mpango wa SYSCOHADA, kwa hiyo unaingiza hesabu wewe mwenyewe: 57 kwa kasha, 52 kwa benki, 41 kwa wateja, 40 kwa wanaokuuzia, 601 kwa bidhaa ulizonunua, 701 kwa bidhaa ulizouza, 443 kwa TVA uliyodai wateja, 445 kwa TVA ya kurudishiwa. Unaingiza mara moja, unahifadhi, kisha unakopisha kwa kila mteja mpya.

Dolibarr na Odoo, ile ya Community. Hizi ni za fakture na stoki pamoja. Ni za bure, lakini zinaomba mtu anayejua kuziweka kwenye mashini. Usianze nazo. Zingoje mteja mwenye stoki.

Tunawaambia ukweli: bure haimaanishi bila gharama. GnuCash ilitulia karibu wiki sita za kujifunza. Tulifanya hivi: tulichukua mwezi mmoja wa mteja ambao tulikuwa tumeshaumaliza kwa mkono, tukauingiza upya. Mara ya kwanza jumla hazikupatana. Mara ya pili pia. Mara ya tatu zilipatana hadi franka ya mwisho, na pale tu tukaanza kuitumia kwa kazi ya watu. Usijifunzie kwenye kodi ya mteja.

Kanuni ya nne: miaka kumi.

OHADA inaomba vitabu vya hesabu na makaratasi yake vihifadhiwe miaka kumi. Kumi! Jiulize: ile programu unataka kununua, itafunguka miaka kumi ijayo kama umeacha kulipa abonema? Kama jibu ni "sijui", usiweke ndani kitu ambacho hauna mahali pengine.

Sisi kila mwisho wa mwezi tunatoa hesabu ya kila mteja kwa namna mbili: PDF ya kusoma, na faili la CSV ambalo programu yoyote ya jedwali inalifungua. Kisha tunachapisha kurasa za jumla, mteja anatia sahihi. Kopi moja iko kwenye mashini, moja kwenye fleshi, na moja kwenye fleshi ingine katika nyumba ingine, mtaa mwingine. Munajua sababu. Hapa Bukavu nyumba za mbao zimebanana, moto ukianza kwa jirani, hauchagui. Fleshi mbili kwenye meza moja ni sawa na fleshi moja.

Na mafaili yana neno la siri. Ndani kuna maisha ya watu: nani anauza kiasi gani, nani ana deni la nani. Katika mji wetu habari kama hizo mikononi mwa mtu mbaya zinaleta hatari ya kweli. Mteja akitaka kuondoka, unampa yake yote siku ile ile. Hesabu ni yake, wewe ulikuwa mshika kalamu.

Kanuni ya tano: ununue wakati kazi inaomba.

Hatusemi musinunue kamwe. Programu kama Sage zina mahali pake, na kampuni nyingi zinazitumia. Siku moja utahitaji. Utajua namna gani?

Angalia mpaka wa milioni 80. Mteja akiufika, anaingia kwenye TVA ya 16%, na kazi inakuwa ya kila mwezi. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Mwaka wa 2013 dola moja ilikuwa karibu franka 920, kwa hiyo milioni 80 ilikuwa karibu dola 87,000. Mwaka wa 2024 dola ilikuwa karibu franka 2,800. Milioni 80 ile ile ilikuwa kama dola 28,500. Muuzaji ambaye biashara yake haikukua hata kidogo anaweza kujikuta amevuka mpaka kwa sababu franka imeanguka. Yeye hatajua. Wewe njo unapaswa kumwambia mbele ya wakati, na daftari la bure linatosha kukuonyesha. Kila mwisho wa miezi mitatu, jumlisha mauzo na uangalie.

Ukiwa na wateja watatu ao wanne wa TVA, na unalala saa nane ya usiku kila tarehe 14, pale bahasha inaweza kufunguka. Lakini mbele ya kulipa, muulize muuzaji haya, na umuombe ajibu kwa maandishi. Leseni ni ya mara moja ao ya kila mwaka? Ni ya mashini ngapi? Inafuata SYSCOHADA ya 2018? Inatumika bila intaneti? Nikiacha kulipa, naweza kutoa hesabu zangu zote? Mabadiliko ya sheria yakija, nani analipa? Mwaka wa 2024 serikali ilikuwa inatayarisha facture normalisée, ile fakture ambayo inapita kwenye mfumo wa DGI. Ukinunua leo programu ya bei kali ya fakture bila kuuliza hilo, unaweza kununua tena kesho.

Na kama mteja mkubwa anataka programu yake, leseni inunuliwe kwa jina lake na kwa feza yake. Wewe unaitumia, yeye anaimiliki. Hiyo imetuokoa mara mbili.

Kanuni ya mwisho haina bei, lakini ukiivunja kazi imekufa.

Wewe unatayarisha, mteja ndiye anayetangaza na kutia sahihi. Usijiite "expert-comptable" kama hauko kwenye orodha ya ONEC, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Jina lile lina wenyewe. Usipokee feza ya kodi ya mteja mkononi, hata akikuomba kwa sababu amechoka. Aipeleke yeye benki, akuletee bordero. Na usikubali kushika madaftari mawili, moja la kweli na moja la kuonyesha. Watakuja wenye kukuomba. Mmoja alitupa mara tatu ya bei yetu. Tulikataa, na ule mwezi tulikula sombe bila mafuta.

Hapa kazi inakutana na mambo tunayosimamia kila siku. Mwenye daftari safi anajua anachopaswa kulipa na hawezi kulipishwa mara mbili. Na tukilipa na kuwa na uthibitisho, tunaweza kuuliza kwa sauti kubwa: barabara iko wapi? Maji iko wapi? Asiyelipa, ao aliyelipa pembeni, sauti yake inapungua.

Sasa, kijana wetu aliyeuliza kama mtu anaweza kula na hii. Tunamuona pale nyuma. Jibu letu ni: ndiyo, lakini polepole. Mwaka wa kwanza kila mmoja wetu alipata kidogo kuliko motari wa Place de l'Indépendance. Mmoja wetu aliacha, akaenda kufundisha. Waliobaki leo wanalipa nyumba na wanasaidia wadogo zao masomo. Hatukutajirika. Lakini hatuna deni la mtu, na hakuna programu yenye kutufungia mlango tarehe 13.

Mama wa vitenge angali mteja wetu. Mwezi wa sita alipitiwa tena. Hakutupigia simu siku ile. Alifungua faili yake ya kadibodi, akaonyesha karatasi, yule mtu akasoma na akaondoka. Alituambia habari baada ya wiki moja, kama vile unaambia mtu kwamba mvua ilinyesha.

Jumamosi ijayo, hapa hapa, saa tatu ya asubuhi, tutakuwa na mashini mbili. Mulete fleshi tupu: tutawakopishia LibreOffice, GnuCash na jedwali letu la daftari, halali na bila kulipa. Mulete pia karatasi za mzazi ao jirani mmoja mwenye biashara ndogo, lakini mumuombe ruhusa kwanza. Tutaanza kuzipanga kwa tarehe, kwa mkono. Programu itakuja nyuma.



Bukavu, Agosti 2024